Kabla ya kununua rafineri, tujifunze kwanza kazi ya opereta

Maneno haya yalisemwa na mwanachama wetu mmoja kwenye mkutano mkuu wa chama hapa Bengamisa, kabla ya kura juu ya pesa za mradi wa mawese. Komite imeomba yachapwe ili wanachama waliokosa mkutano, pamoja na wale wanaotusaidia kutoka mbali, wayasome nao. Tumeyaacha karibu sawa alivyoyasema.

Komite imenipa dakika ishirini, na nitajaribu nisizipite.

Wengi hapa wananijua kama yule aliyerudi kutoka Uganda. Niliondoka Kisangani mwaka 2000, baada ya ile vita ya siku sita ya mwezi wa sita, wakati majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipopigania mji wetu. Kule nilianza kwa kubeba mizigo, kisha nikaingia kiwanda kimoja cha kusafisha mafuta ya kula. Humo nilifanya kazi ya opereta miaka 11. Njo maana vijana wa chama walikuja kwangu wakasema: «Yaya, wewe ulifanya kazi ndani ya rafineri. Utatusaidia kuomba tununue ya kwetu, si ndiyo?» Walikuwa na picha ndani ya telefone, masini inang'aa, imeandikwa kwamba ni ya kijiji.

Leo ninawajibu mbele ya wote: bado. Na nitaeleza sababu, ili kila mutu apige kura akijua anachopigia. Pesa tuliyo nayo ni ya kazi moja. Ama tutafute rafineri ndogo, ama tutengeneze vizuri kazi yetu ya kuvuna, kupika na kukamua ngazi. Yote mawili hatuyawezi mwaka huu.

Rafineri inafanya nini

Mawese ghafi yakifika kiwandani yanapashwa moto mpaka yanakuwa mepesi. Yanatiwa asidi fosforiki kidogo sana, ili uteute ulio kama gundi ujikusanye. Halafu yanachanganywa na udongo maalumu wa kupausha, ndani ya tangi lililonyonywa hewa, kwa joto la karibu digrii 100. Udongo ule unakamata rangi na uchafu, na chujio linautoa. Mwisho mafuta yanapanda kwenye mnara. Pale yanapigwa mvuke kwa joto la digrii 240 mpaka 260, ndani ya vakumu kali. Harufu inatoka, asidi inatoka, na vinakusanywa pembeni. Chini kunatoka mafuta ya manjano hafifu, hayanuki kitu. Yakipozwa polepole yanagawanyika: kuna sehemu ya majimaji, oleini, njo ile munayoona sokoni ndani ya bidoni, na kuna sehemu inayoganda, stearini, inayokwenda kwenye margarini na sabuni.

Sasa sikilizeni vizuri, kazi yote hiyo ni ya kutoa. Rafineri inatoa gundi, inatoa rangi, inatoa harufu, inatoa asidi. Hakuna mafuta inayoongeza. Ukiingiza kilo 100, hutapata kilo 100. Utapata ngapi? Jibu halitoki ndani ya rafineri. Linatoka hapa, chini ya mti wa ngazi, siku ile rejime inapokatwa.

Asidi inaanzia wapi

Ndani ya tunda la ngazi kuna kitu ambacho, tunda likigongwa au likiiva kupita kiasi, kinaanza kuyavunja mafuta yawe asidi. Hakingoji kesho, kinaanza saa ileile. Dawa yake ni moto: ukipika ngazi vizuri, kile kitu kinakufa na asidi haipandi tena kwa haraka. Njo sababu viwanda vikubwa vinajaribu kupika rejime siku ileile iliyokatwa.

Sisi tunafanya namna gani? Tunakata rejime, tunazirundika, tunangoja siku tatu, siku nne, saa ingine juma zima, mpaka ngazi ziachie zenyewe. Sisemi ni uvivu. Kung'oa ngazi kwenye rejime mbichi ni kazi ya mikono ya ba mama na watoto, na miiba inachoma. Wanangoja juu ya kuokoa mikono yao. Lakini wakati sisi tunangoja, asidi haingoji.

Soko la dunia linanunua mawese ghafi yenye asidi isiyopita 5 kwa 100. Tupige hesabu. Kilo 100 zenye asidi 5 zikipita mnara, zile kilo 5 zinatoka, na zinaburuta mafuta kidogo pamoja nazo. Kilo 100 zenye asidi 15 zikipita, kilo 15 na zaidi zimekwenda. Umezivuna, umezibeba, umezipikia kuni, umezichomea mazuti, halafu rafineri inazitupa pembeni. Kama mafuta yetu yana asidi nyingi, rafineri itakuwa masini ya kutuonyesha kila siku ni kiasi gani tumeharibu.

Na kuna jambo ingine ambalo ba mama wanalijua kuliko sisi wanaume. Wekundu wa mawese ni karotini, na mwili unaigeuza kuwa vitamini A, ile inayolinda macho ya watoto na nguvu ya mama mwenye mimba. Mawese mekundu mazuri yana karotini kama miligramu 500 mpaka 700 kwa kila kilo. Yakishapita udongo na mnara, karibu yote imekwisha. Tutanunua mazuti kwa bei ya Bengamisa ili tuondoe kitu ambacho watoto wetu wanakihitaji? Pondu ya hapa kwetu inataka mawese mekundu. Soko lake liko tayari, hapa na Kisangani, kilomita karibu 50 kwa barabara ya Buta.

Kazi ya opereta ni gani

Watu wanafikiri opereta ni mutu wa kubonyeza batani. Zamu yetu ilikuwa saa nane. Ulipofika hukugusa kitu kwanza. Ulitembea mstari mzima pamoja na yule unayempokea, kutoka tangi la kwanza mpaka la mwisho. Alikuonyesha pompi gani inalia, vani gani inavuja, tangi gani limejaa nusu. Halafu alitia sahihi kwenye kaye, na wewe ukatia yako. Mwenzako akichelewa, hukuenda nyumbani. Mnara wa digrii 250 hauachwi peke yake hata dakika tano.

Kila saa uliandika: joto, vakumu, mvuke, kiasi kilichoingia, kiasi kilichotoka. Kila mara uliteka kopo dogo ukalipeleka labo, wapime asidi na rangi. Namba ikibadilika, ulitafuta sababu kabla haijawa hasara. Na uliandika ukweli hata kama ulikuwa mubaya, juu ya mwenzako wa zamu ifuatayo atasimama mbele ya moto akiamini maandishi yako.

Kuna hatari pia, na ninataka vijana wazisikie. Ule udongo uliotumika unabaki na mafuta ndani. Ukiurundika na joto lake, unaweza kuwaka wenyewe, bila mutu kuweka kiberiti. Nimeuona ukitoa moshi usiku. Sheria yetu ilikuwa kuutandaza na kuulowesha maji, na mutu kuulinda mpaka upoe. Boila ya mvuke nayo inataka maji safi yaliyotengenezwa. Maji ya matope yanajenga magamba ndani, na boila yenye magamba ni hatari kwa kila aliye karibu. Vakumu inataka umeme usiokatika. Hata mjini Kisangani, wenye barraji ya Tshopo, umeme unakatika. Sisi hapa tunategemea gurupu na paneli. Umeme ukikatika wakati mafuta yako kwenye mnara, hewa ikaingia, mafuta ya moto vile yanaungua, na yanaweza kushika moto. Yule anayeuza masini kwenye telefone hakuandika hayo.

Rafineri tatu za jirani

Munaweza kusema kwamba mimi ninaogopa tu. Basi tuangalie wakubwa, wale wa petroli, wenye pesa na ma-enjenia.

Kwa nchi yetu kuna rafineri ya SOCIR, kule Muanda, kwenye pwani. Ilijengwa miaka ya 1960 na serikali pamoja na Waitaliano, kwa ajili ya mafuta ghafi mepesi ya kutoka nje. Mwaka 1975 Kongo ikaanza kutoa mafuta yake baharini, karibu kabisa na rafineri ile. Lakini mafuta yetu ni mazito, na masini haikutengenezwa kwa ajili yake. Mafuta ya Kongo yakapakiwa melini yakaenda kusafishwa kwingine. Rafineri ikaacha kusafisha, ikabaki depo ya kuhifadhi. Na esansi tunayotia kwenye moto zetu hapa inaletwa kutoka nje ya nchi.

Huko Mombasa, rafineri ya Changamwe ilianza kazi mwaka 1963. Ilifanya kazi miaka 50. Ilizeeka, na wauzaji waliona ni nafuu kuleta mafuta yaliyokwisha kusafishwa. Mwaka 2013 ikasimama, na leo ni matangi ya kuhifadhi. Dar es Salaam, TIPER ilianza mwaka 1966, nayo pia ya serikali na Waitaliano. Nayo iliacha kusafisha, ikawa matangi.

Sisemi hivi ili tuwacheke. Waliofanya kazi pale walikuwa mafundi wa kweli. Lakini rafineri inaishi kwa vitu viwili: kinachoingia kiwe cha namna yake, na kisikatike. Kimoja kikikosa, fundi hata awe hodari namna gani atabaki kulinda matangi. Sisi tuna uhakika gani wa vitu hivi viwili? Nani hapa anajua chama kinakamua kilo ngapi kwa juma? Nani anajua asidi yetu ni ngapi? Nimeuliza komite. Hatuna hata ukurasa mmoja ulioandikwa. Tunajua miezi ya ngazi mingi na miezi ya ngazi kidogo kwa macho tu.

Ninachoomba tununue

Ninaomba pesa iende kwenye mambo haya, na mutaona kwamba kila kimoja kinatoka kwenye kazi ya opereta.

Kwanza, masini ya mkono ya kupukuchua ngazi, na mashoka mazuri. Rejime ikikatwa vipande, ikafunikwa usiku mmoja, ngazi zinaachia mapema zaidi. Masini inamalizia. Ba mama hawatalazimika kungoja juma zima ili kuokoa vidole vyao. Hii njo pesa ya kwanza kabisa, juu ya asidi yetu kubwa inatoka hapa.

Pili, mapipa ya kupikia yenye kifuniko na wavu chini, ili ngazi zipikwe kwa mvuke sawasawa, zile za juu na zile za chini. Na ile presi yetu itengenezwe. Sikurubu yake imelika, na mafuta mengi yanabaki kwenye makapi. Kiwanda kikubwa chenye rejime za tenera kinapata kilo 20 au zaidi za mafuta kwa kilo 100 za rejime. Sisi hatutafika pale kwa mkono, lakini kile tunachoacha kwenye makapi leo ni chetu.

Tatu, tangi la kutuliza mafuta na sufuria pana ya kuyakausha. Maji yakibaki ndani ya mafuta, yanachacha. Mafuta yakipashwa mpaka yanaacha kulia «cha-cha-cha», maji yamekwisha. Hapo yanachujwa na kitambaa safi, yanapoa, yanaingia kwenye bidoni iliyooshwa na kukauka. Bidoni iliyobeba mazuti isiguse mawese yetu tena, hata ikioshwa mara kumi.

Nne, balansi moja, termometa mbili, na kaye. Tuandike: rejime imekatwa saa ngapi, imepikwa saa ngapi, kilo ngapi zimeingia, litri ngapi zimetoka, nani alikuwa kazini, bidoni ilikwenda kwa nani. Kupima asidi si uchawi: ni alkoli, soda iliyopimwa vizuri na dawa inayogeuka rangi. Tuna bahati hapa Bengamisa kuwa na ISEA, shule kuu ya kilimo. Ninaomba komite iwaendee, iombe wanafunzi wapime kopo moja la mafuta yetu kila juma. Wao watapata zoezi, sisi tutapata namba.

Tano, zamu. Watu sita, wawili wawili. Nitawafundisha mimi, bila malipo, miezi mitatu. Ninataka ba mama wawemo, tena wasiwe wachache. Kiwandani kwetu waliosoma namba vizuri kupita wote walikuwa wanawake, na hapa njo wao wanaojua mafuta kwa pua kabla ya termometa kusema.

Na neno dogo juu ya miti. Yangambi iko mkoa wetu huu wa Tshopo. Kule, kwenye INEAC, Beirnaert na Vanderweyen walionyesha mwaka 1941 kwamba ngazi ya dura, yenye ganda nene, ukiiunganisha na pisifera isiyo na ganda, unapata tenera, yenye ganda jembamba na nyama mingi ya mafuta. Ujuzi ule ulizunguka dunia, na mashamba ya Asia yanakula matunda yake mpaka leo. Lakini ukiokota mbegu chini ya tenera ukaipanda, watoto hawatakuwa wote tenera: robo inarudi dura, robo inakuwa pisifera ambayo mara mingi haizai. Kwa hiyo anayepanda sasa asiokote. Atafute mche unaojulikana umetoka wapi. Kosa la mche utaliona baada ya miaka minne, na utaishi nalo miaka ishirini.

Kwa vijana, na kwa wanaotusaidia

Vijana wangu, ninawasikia. Munasema: «Mpaka lini tutauza mafuta nyekundu, wakati bidoni za oleini kutoka nje zinajaa sokoni Kisangani?» Swali ni la haki. Mimi siifungi njia. Nipeni kaye ya miaka miwili. Ikituonyesha kwamba asidi yetu inabaki chini ya 5, kwamba kilo hazikatiki hata miezi ya ngazi kidogo, kwamba watu wa zamu wanakuja kwa saa yao, basi siku ile mimi mwenyewe nitasimama hapa kuomba rafineri, na tutamwendea mtoa pesa na namba mkononi. Na kama kaye itatuonyesha kwamba mekundu safi yanatulipa vizuri, tutakuwa tumeokoa pesa ya watu.

Kwa ninyi munaotusaidia kutoka mbali: ninajua picha ya masini mpya inapendeza ndani ya ripoti. Pipa la kupikia halipendezi vile. Lakini munafahamu ni masini ngapi zimelala chini ya majani kwenye barabara zetu, kila moja na bango la mfadhili wake. Tuombeni kaye kila mwezi wa tatu. Kurasa zikikosekana, tuulizeni kwa ukali.

Na kwa sisi tuliorudi. Kila mmoja amerudi na kitu. Mmoja alijifunza kuchomelea chuma, mwingine kushona, mwingine kuendesha kamyo. Wengi tumerudi mikono mitupu na watu wa nyumbani wakatucheka, eti miaka yote hiyo hukuleta hata gari. Mimi nilileta tabia ya kusoma termometa kila saa na kuandika nilichokiona, na kutokuondoka mpaka mwenzangu afike. Hiyo haikununuliwa, na ninaweza kuigawa bila kuipoteza. Ninaomba chama kinipe watu sita wa kuwagawia.

Tukipiga kura leo, ninaomba: ndiyo kwa kazi ya kukamua, na rafineri ingoje namba.